Kwenda kanisa kunaongeza miaka? Jibu kwa dada wa Ahero

Kuna dada wa huku Ahero ameniuliza swali na nimeona nilijibu kwa urefu juu najua nyumba nyingi ziko na hio shida. Nafupisha maneno yake. Mamake ako na miaka 71, presha amekaa nayo muda mrefu, na ni mtu wa kanisa kabisa kabisa, Jumapili hakosi, Jumatano ako kwa maombi ya akina mama, mwisho wa mwezi kesha. Juzi mhubiri mgeni akaja na mkutano wa injili, akawaambia wenye imani huishi miaka mingi kuliko wasioamini na wanasayansi wenyewe wamekubali, akaombea watu wa presha na sukari, mama akarudi nyumbani akafungia dawa ndani ya sanduku. Kaka mkubwa wa huyu dada naye anasema dini haijawahi kuongezea mtu hata siku moja, ni kupotezea watu wakati, na sahii yeye na mama hawaongei vizuri. Dada anauliza nani ako sawa, na mtu anayeomba tu nyumbani bila kuenda popote je, na afanye nini na hizo dawa.

Dada, wacha nianze na dawa juu hizo haziwezi kungoja. Mama azirudie kwa kipimo kilekile alichoandikiwa, asimeze mbili mbili ati kufidia siku zilizopita, na ndani ya siku mbili tatu umpeleke kliniki apimwe. Umesema moja ni amlodipine, hio ya kumeza mara moja kwa siku. Sasa sikiza hii vizuri juu hapa ndio watu wetu wengi hupotelea. Amlodipine haitoki mwilini haraka, inachukua zaidi ya siku nzima ndio nusu yake tu iishe, kwa hivyo mtu akiacha Jumapili, ikifika Jumatano bado dawa iko kwa damu, akipimwa siku hio presha inaweza kusoma vizuri kabisa, na Jumapili inayofuata anasimama mbele ya kanisa anatoa ushuhuda kwamba amepona, na hadanganyi, namba ameziona kwa macho yake mwenyewe. Halafu polepole inaanza kupanda tena na hakuna kitu anasikia, juu presha haiumi, mtu anaweza kutembea nayo ikiwa 180 na anasonga ugali kama kawaida. Ushuhuda umeshatolewa, watu wamepiga makofi, sasa nani atarudi kuchukua maikrofoni aseme imerudi? Sisi kliniki hapa Kisumu tunawapokea baadaye, mdomo umeenda upande mmoja, mkono hauinuki, maneno hayatoki, na binti aliyemleta anatuambia "lakini daktari, si alikuwa amepona." Hio inaniuma kila mara na ndio maana nimeiweka mbele ya kila kitu.

Haya, swali lenyewe. Kwa upande wa namba, huyo mhubiri hajadanganya. Swali ni la zamani sana, Mwingereza mmoja kwa jina Francis Galton alishaliuliza 1872, akaangalia wafalme na familia zao, watu wanaoombewa kila Jumapili na nchi nzima, akapata ndio walikuwa na maisha mafupi kuliko matajiri wengine wote aliowahesabu. Lakini hio ilikuwa hesabu ya kuombewa. Watafiti wa siku hizi wameuliza kitu tofauti, wameuliza je, mtu mwenyewe akienda kuabudu mara kwa mara anaishi zaidi? Mwaka 1999 Robert Hummer na wenzake walichapisha hesabu ya Wamarekani zaidi ya 21,000 waliohojiwa 1987 wakafuatiliwa mpaka 1995 kuona nani amekufa na nani bado ako. Ukikadiria kutoka umri wa miaka 20, wenye kuenda zaidi ya mara moja kwa wiki waliwapita wasioenda kabisa kwa zaidi ya miaka 7, na kwa Wamarekani weusi tofauti ilikaribia miaka 14. Mwaka 2000 Michael McCullough na wenzake wakakusanya tafiti nyingi pamoja, zenye watu karibu 126,000, wakapata nafasi ya kuwa hai mwisho wa utafiti ni kubwa kwa asilimia 29 hivi kwa wenye kushiriki dini. Halafu 2016 ikaja ile ya manesi wa Marekani, Shanshan Li na Tyler VanderWeele na wenzao, wanawake 74,534 waliofuatiliwa kutoka 1996 mpaka 2012, na wale walioenda ibada zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 33 wakilinganishwa na wasioenda kabisa. Kaka yako asome hizo namba, hazijaandikwa na mapasta.

Lakini pia mhubiri asikimbie nazo. Kitu ya kwanza mtu wa takwimu huuliza ni kama mtu haendi kanisani juu tayari ni mgonjwa. Angalia tu kanisa lenu, wazee unaowaona kwa benchi ni wale miguu bado inawabeba, wenye magoti yameisha ama wamelazwa na stroki wako nyumbani, kwa hivyo ukihesabu vifo bila kufikiria hilo, kanisa litaonekana linaponya kumbe ni afya ndio inapeleka watu kanisani. Pia akina mama ndio wengi kwa ibada na wanawake huishi zaidi ya wanaume kila mahali, waende wasiende. Watafiti wazuri wanajua hayo yote. Wale wa manesi waliangalia mahudhurio zaidi ya mara moja, wakahesabu afya ya mtu ilivyokuwa kabla, sigara, uzito, huzuni, na bado tofauti ikabaki. Kwa hivyo mimi nikiulizwa, nasema ndio, kuna kitu cha kweli hapo, ingawa si muujiza na si miaka 14 ya kumgawia kila mtu anayeingia mlangoni.

Hicho kitu ni nini sasa? Hapa ndio mimi napenda juu naiona kila wiki. Siku ya kliniki ya presha anakuja mama mmoja lakini hakuja peke yake, ako na wengine wawili wa kikundi chake cha kanisa, mmoja amebeba flaski ya uji, mwingine ndio ameshika kile kijitabu cha kliniki na anajua dawa zote kwa rangi, ananiambia "hii nyeupe iliisha Alhamisi daktari, tukamchangia tukanunua ya siku nne." Nyuma yao kwa laini kuna mzee wa umri huohuo amekuja pekee yake, mke alishaaga, watoto wako Nairobi, na ukifika pale kwa kuandika namba ya simu ya mtu wa karibu, mzee anafikiria, anafikiria sana, halafu anakuuliza kama ni lazima. Hao wawili presha yao inaweza kuwa sawa leo lakini mimi najua nani atarudi mwezi ujao. Huyo mama akikosa Jumapili moja tu, saa nane mchana kuna watu kwa boma lake wanauliza kuliendaje, na kama amepatwa na stroki usiku watamkuta siku hiyohiyo wamtoe na probox, mzee anaweza kukaa siku tatu.

Na hii si hisia yangu tu. Katika ule utafiti wa manesi walijaribu kupima sababu, na msaada wa watu wa karibu ulibeba karibu robo ya hio faida, kutovuta sigara nayo karibu hivyohivyo, kingine kidogo kikatoka kwa kuwa na huzuni kidogo na matumaini zaidi. Ukitoka nje ya dini kabisa, Julianne Holt-Lunstad na wenzake 2010 walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 308,000 wakapata wenye uhusiano mzuri na watu wengine wana nafasi kubwa kwa asilimia 50 ya kuendelea kuishi, na hapo swali lao halikuwa mtu anasali wapi. Kule California walifuata watu wa kaunti ya Alameda kwa miaka 28, na kitu kizuri walichokiona ni kwamba walioenda ibada mara kwa mara hawakuanza wote wakiwa na tabia nzuri, kuna wengi waliacha sigara wakiwa ndani, wakaanza mazoezi, wakapata marafiki zaidi, ndoa zikadumu. Yaani kikundi kinakubadilisha pole pole. Hapa kwetu unajua mwenyewe, mwanaume akiokoka kwa ukweli kitu ya kwanza kijiji kinaona ni kwamba hapiti tena kwa chang'aa, na hilo peke yake kwa ini na kwa mfuko na kwa ajali za usiku ni miaka.

Watu wa Sabato ndio mfano mkubwa na huku kwetu si wageni, misheni yao ilianza Gendia karibu na Kendu Bay 1906. Wenzao wa California wamechunguzwa kuliko karibu kanisa lingine lolote duniani, Waadventista zaidi ya 34,000 walifuatiliwa kutoka 1976, na ilipochapishwa hesabu ya 2001 wanaume wao waliishi miaka 7.3 zaidi ya wanaume wengine wazungu wa California na wanawake miaka 4.4 zaidi. Ukichimba ndani unapata hawavuti sigara, wengi hawali nyama ama wanakula kidogo, wanatembea, wana siku moja nzima ya kupumzika kila wiki na familia, na wanakula njugu. Njugu dada! Waliokula karibu kila siku walikuwa na ugonjwa wa moyo kama nusu ya wale waliokula mara chache sana, na kwa hesabu yao hata njugu karanga zilihesabiwa. Sasa usikimbie kusema Msabato wa Kisii ama wa Kendu Bay ataishi miaka hio saba zaidi ati kwa sababu jina la kanisa ni moja, kama ibada ikiisha ni soda na mandazi na chumvi mingi kwa mboga basi jina halitamsaidia. Kinachofanya kazi ni ule mwenendo wa kila siku.

Mfano ambao ningependa kaka yako aufikirie unatoka Israeli. Kuna vijiji vya ushirika vinaitwa kibutzi, watu wanaishi pamoja, wanalima pamoja, mapato ni ya wote. Jeremy Kark na wenzake walichukua vijiji 11 vya watu wa dini na 11 vya watu wasio wa dini, wakahesabu vifo vya 1970 mpaka 1985. Maisha karibu yanafanana, pande zote mbili kuna jamii na kuna msaada, hakuna mpweke. Na bado kwa vijiji visivyo vya dini vifo vilikuwa karibu mara mbili. Hio huwa inanisimamisha kidogo kila nikitaka kusema ni marafiki tu na sigara tu. Mimi naamini kuna kitu pia kwa ule utulivu, mtu ako na wakati wa kunyamaza kila siku, ako na sababu ya kuamka, akifiwa ako na maneno na nyimbo za kushika, haamki saa tisa usiku anahesabu madeni peke yake. Kwa haohao manesi, walioenda ibada angalau mara moja kwa wiki walijiua mara chache sana, kama mara tano chini ya wasioenda. Daktari yeyote anayefanya kazi huku na kuona vijana tunaowapokea wamekunywa dawa ya shambani hawezi kulichukulia hilo kwa urahisi.

Umeuliza pia kuhusu mtu ambaye haendi popote lakini anasema yeye ni wa kiroho, anaomba nyumbani. Ukweli ni kwamba ushahidi hapo ni hafifu zaidi. Kitu kinachojirudia kwa tafiti ni kuhudhuria, kuamka na kuenda na kukaa na watu. Sisemi maombi ya chumbani hayana maana, yanampa mtu amani na amani ni kitu, lakini kwa hesabu ya vifo hayaonekani vizuri namna ile. Na kuombewa na mtu usiyemjua walijaribu pia. Herbert Benson na wenzake 2006, wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo katika hospitali sita za Marekani. Kati ya wale waliombewa bila kuwa na uhakika kama wanaombewa, asilimia 52 walipata matatizo baada ya upasuaji, wale hawakuombewa na hawana uhakika asilimia 51, na wale waliambiwa wazi kwamba wanaombewa asilimia 59. Mimi sichukui hio kama kumpima Mungu, Mungu hapimwi kwa vikundi vitatu, na mtu wa mbali anayesoma jina lako kwa karatasi si sawa na yule mama wa flaski ya uji. Ninachochukua ni kwamba mhubiri akikuambia sayansi imethibitisha maombi yake yanashusha presha, hapo sasa anadanganya.

Na kuna upande ambao dini inafupisha maisha, lazima niuseme. Kenneth Pargament na Harold Koenig na wenzao 2001 walifuata wagonjwa 596 wenye umri wa miaka 55 kwenda juu kwa karibu miaka miwili, na wale waliokuwa wanaamini Mungu amewaacha, ama hawapendi tena, ama ugonjwa ni kazi ya shetani, walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa, asilimia 19 mpaka 28 kulingana na lile walilokuwa wanaamini. Sasa fikiria mama ameombewa, amerudi kupimwa presha iko juu, anaambiwa imani yako ni ndogo, kuna dhambi umeficha. Huyo ameumizwa mara mbili. Tumeona pia watu wa sukari wanafunga kavu siku tatu huku wanameza vidonge vya kushusha sukari, wanaletwa wamezimia, na watu wa virusi wanaotupa ARV baada ya krusedi. Ndugu zetu Waislamu wenye sukari wanashauriwa waone daktari wiki sita mpaka nane kabla ya Ramadhani ili dawa zipangwe upya, na sioni kwa nini kanisa linalotangaza mfungo wa siku 21 lisifanye vivyo hivyo. Shakahola sitaki kuirefusha, maiti zaidi ya 400 zilifukuliwa kule Kilifi kutoka 2023, watu walioambiwa wafunge mpaka kufa, wengi watoto. Kiongozi yeyote anayekutenga na hospitali na familia kwa wakati mmoja, huyo mkimbie.

Kaka yako naye nisimwache hivyo. Karibu tafiti zote hizi ni za Marekani na Ulaya na Israeli, mahali ambapo asiyeenda kanisani ni mtu wa kawaida tu. Kwa sensa ya 2019 Wakenya zaidi ya asilimia 85 walisema ni Wakristo na karibu 11 ni Waislamu, kwa hivyo huku asiyeenda popote mara nyingi kuna kitu kimemtoa, labda pombe, labda aibu ya kukosa viatu na sadaka, labda alikosana na watu kwa mazishi. Kama yeye haamini, simlazimishi, lakini asijidanganye kwamba anaweza kuishi kivyake bila watu. Awe na chama, awe na timu ya mpira ya wazee, awe na watu watano ambao akikosa kuonekana wiki moja watampigia simu. Wanaume wa huku tuko na shida hapo kuliko wanawake, tunangoja mazishi ndio tukutane.

Sasa namna ya kuongea na mama. Usianze kwa kupinga kanisa, ukifanya hivyo umempoteza, na zaidi ya hayo utakuwa unampinga kwa kitu ambacho kinamsaidia kuishi. Mwache aende, mpe nauli ya boda, kesha tu ndio apunguze ama alale mapema siku inayofuata, na akienda abebe dawa zake. Chukua Biblia yake mwenyewe mfungue 2 Wafalme 20, Hezekia aliugua karibu afe, akaomba akilia, na Mungu akamwongezea miaka 15. Lakini msome mpaka mstari wa saba. Isaya aliagiza tini ziletwe, wakaziweka juu ya jipu, ndio akapona. Nimeona mistari hio ikirudisha watu kwa dawa kuliko maneno yangu yote ya udaktari.

Halafu nenda kwa pasta wenu wa kawaida, si yule mgeni, yule anayemjua mama kwa jina na atakayemzika. Wengi wao ni watu wazuri na hawapendi kilichotokea. Muombe atangaze kutoka mbele kwamba aliyeombewa aendelee na dawa mpaka daktari mwenyewe amwambie aache, sentensi moja tu hio. Muulize pia kama wale wahudumu wa afya wa mtaa wanaweza kuja mara moja kwa mwezi wakae chini ya mti baada ya ibada, wengi wao sahii wako na mashine ya presha na ya sukari kwa begi yao, na akina mama watapanga laini bila kusukumwa.

Na wewe nyumbani, kabla ya kliniki, mkalishe mama dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea kiti, mkono juu ya meza, halafu mpime asubuhi na jioni kama mtapata mashine ya kuazima. Andika namba zote mbili, ya juu na ya chini, pamoja na tarehe. Ikisoma 180 ama zaidi na kichwa kinamuuma sana, ama kifua, ama mkono umelegea, msingoje kliniki, mpeleke casualty usiku huohuo. Kama ni chini ya hapo na ako sawa, njooni siku ya kliniki na hicho kikaratasi na pakiti zote za dawa alizobakisha, hata zile zilikuwa kwa sanduku, ndio tuone zimebaki ngapi na tupange upya.